Na asipopokea, inaenda wapi? Fundi wa simu anajibu

Mwezi huu barua karibu zote zina kilio kimoja, simu ya ofisi inaita mpaka inachoka au inapokelewa na kitu kisichoeleweka. Nimechagua sita. Mbili nimezifupisha maana zilikuwa ndefu kuliko majibu yangu, na mnajua mi mwenyewe sijui kufupisha.

Fundi shikamoo. Mi ni karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, tupo Kurasini. Tuna simu za mezani 9 kwenye PBX moja (mashine ya kugawa simu za ofisi), namba ya nje ni moja. Mteja akipiga inaita kwa dada wa mapokezi, dada akienda chai au benki inaita tu mpaka inakata. Bosi akaleta mtu akaziseti zote 9 ziite kwa pamoja, sasa imekuwa kelele kama sokoni na bado hapokei mtu, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Afu siku nyingine ikiita kidogo tu mteja anasikia sauti inamwambia aache ujumbe, na huo ujumbe sisi hatuuoni popote. Tufanyeje?
Karani, Dar es Salaam

Marahaba. Hapo una matatizo matatu umeyafunga fundo moja, tulifungue polepole.

Kwanza usiguse mashine. Chukua karatasi, andika juu kabisa "simu imeingia", chini yake andika mapokezi, alafu jiulize: na asipopokea, inaenda wapi? Andika. Na huyo naye asipopokea, inaenda wapi? Endelea hivyo hivyo mpaka ufike kwenye kitu kinachopokea siku zote, iwe ni mtu mwenye simu mkononi au voismeli (mashine ya kurekodi ujumbe wa mteja) ambayo kuna mtu ameambiwa kwa jina lake kwamba ataisikiliza saa nne na saa tisa. Popote jibu litakapokuwa "inaendelea kuita tu" ndo simu zenu zinafia hapo. Ofisi nyingi nilizoingia hawajawahi kuchora hiyo karatasi, wanaanza na setingi, na setingi zimejaa mashimo.

Sasa kitu ambacho watu hawakijui ni kwamba "hajapokea" ziko za aina tatu. Kuna aliyeacha ikaita, kuna aliye bize na simu nyingine, na kuna simu ambayo haipo kabisa, imechomolewa waya au rauta imelala. Ukifungua FreePBX, programu ya kuseti mashine hizi, kwenye ukurasa wa ekstensheni (namba ya ndani ya kila simu) utakuta sehemu tatu tofauti za kujaza simu iende wapi, moja kwa kila hali, na mafundi wengi wanajaza ile ya kwanza wanafunga kompyuta wanaondoka. Siku waya umechomoka na mtu wa usafi, simu haiiti hata mara moja, mteja anaambiwa maneno ya mashine. Jaza zote tatu.

Kwenye bize kuna mtego mwingine. Kama simu ya dada wa mapokezi imewashwa koli weitingi, ile ya kuruhusu simu ya pili iingie ukiwa unaongea, basi haitakaa iwe bize hata siku moja, yeye anaongea na mteja wa kwanza huku wa pili anasikia inaita kawaida, anaona mnamdharau. Izimeni kwenye simu yake tu, ndo ile njia ya bize itaanza kufanya kazi.

Kuhusu simu 9 kuita pamoja, simu ya wote haina mwenyewe. Mi ningeweka hivi: mapokezi sekunde 15 peke yake, ikipita hapo iite kwa watu wawili, wawili tu, ambao kwenye karatasi wameandikwa kwamba wao ndo wanamshikia dada, nao sekunde 15, alafu iende kwa msimamizi sekunde 10 hivi, alafu voismeli. Jumla 40. Usizidishe sana maana mtandao wa anayepiga nao una subira yake, unaweza kukata simu wakati mashine yako bado inatafakari. Na hesabu kwa sekunde usihesabu milio, maana mlio wa mtindo wa Kimarekani unakuja kila sekunde 6 na wa Kiingereza kila sekunde 3, kwa hiyo "milio minne" inaweza kuwa sekunde 24 au 12 kutegemea mashine ilivyosetiwa. Wenye mashine za kampuni ya Avaya wao wanaandika milio, na njia yenyewe ina pointi, yaani vituo vya kupitishia simu, mpaka sita, ila jamani msizijaze zote sita kwa sababu tu nafasi ipo. Uzuri wa Avaya ni kwamba unaweza kutenganisha simu ya ndani na ya nje, kwa hiyo mhasibu akimpigia wa stoo hakuna haja ya kuzunguka ofisi nzima.

Haya, hilo la sauti ya ajabu. Kati ya hizo simu 9 kuna moja mwenyewe ameifowadi, yaani ameiambia ipeleke simu, kwenye simu yake ya mkononi. Niliwahi kuhangaika na ofisi moja siku nzima kumbe ni simu ya kijana wa stoo aliyeacha kazi, meza yake imekaa vumbi lakini ekstensheni bado inafowadi kwenye laini yake ya zamani, laini imezimwa, voismeli ya mtandao inapokea. Kwenye grupu, yaani simu zinazoita pamoja, anayepokea wa kwanza ndo anachukua simu, na mashine siku zote inapokea haraka kuliko mtu mwenye chapati mkononi. Kwenye setingi za grupu kuna kiboksi cha kuiambia isifuate kufowadi kwa mtu mmoja mmoja, kitieni tiki. Na mtu akiacha kazi, mkimnyang'anya funguo na ekstensheni yake ifuteni hapo hapo.

Ukimaliza yote, jaribu kwa kupiga kutoka nje kwa simu yako ya mkononi, usipige kutoka meza ya pili. Na jaribu saa saba mchana watu wakiwa kula.

Habari fundi. Shule yetu ya binafsi ipo Morogoro, tumefungiwa mfumo mpya wa simu unaobadilisha wenyewe mchana na usiku. Shida ni kwamba mzazi akipiga saa tano na nusu asubuhi anaambiwa ofisi imefungwa, na mlinzi anasema saa tisa usiku simu ya ofisini ilikuwa inaita. Fundi tuliyemwita anasema mfumo hauna kosa.
Mwalimu wa zamu

Mwalimu nisamehe, nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

Mlimwambia fundi ofisi inafunguliwa saa mbili na kufungwa saa kumi na moja, si ndio? Naye akaandika 02:00 mpaka 11:00. Saa ya mashine ni ya masaa 24 inayoanza usiku wa manane, kwa hiyo kwake yeye ofisi inafunguliwa saa nane za usiku na kufungwa saa tano asubuhi. Mlinzi wenu ndo amekuwa mapokezi. Fungua sehemu ya muda wa kazi, weka 08:00 mpaka 17:00, basi. Na fundi alikuwa sawa, mfumo kweli hauna kosa, umetii.

Ila nisiwaache hapo, kuna ugonjwa unaofanana na huu na dawa yake ni nyingine. Kama mngesema ofisi inaanza kupokea saa tano asubuhi na inaendelea mpaka saa mbili usiku, basi masaa yameandikwa sawa lakini seva iko kwenye saa ya dunia, ambayo sisi tupo mbele yake kwa masaa 3. Hapo hubadilishi masaa ya ofisi, unabadilisha kanda ya saa ya seva. Nimeona mtu akirekebisha kwa kupunguza masaa matatu kila mahali kwa mkono, baada ya mwaka akaja mwingine akarekebisha seva, ikawa vurugu upya.

Na sikukuu msizitegemee kalenda peke yake. Krismasi ina tarehe, iandikeni, lakini Idd haina tarehe mpaka mwezi uandame, kwa hiyo muulizeni fundi awawekee kitufe cha usiku kwenye simu ya mapokezi, mtu anabonyeza akitoka anabonyeza akirudi. Ijumaa mchana pia kinasaidia. Ubaya wake mtu akisahau kukibonyeza asubuhi mtashinda mmefungwa, kwa hiyo kiwe na taa.

Salaam aleikum fundi. Niko Mombasa, nakodisha magari. Nimeiambia mashine ya ofisi kwamba jioni simu zije kwenye rununu yangu. Zaja, lakini kila simu yanionyesha nambari ya ofisi yangu mwenyewe, sijui ni nani apiga. Nikiwa pahali hamna mtandao mteja huambiwa hapatikani, basi, hata haendi kwa ndugu yangu niliyemweka wa pili. Na bili imepanda.
Mwenye magari

Waaleikum salaam bwana. La bili ndilo jepesi, mashine ikikufowadia simu inakuwa imepiga simu ya pili, anayelipia hiyo ya pili ni wewe, na dakika zote mtakazoongea ni zako. Hata laini zinaliwa mbili, moja ya mteja kuingia na moja ya kukutafuta wewe. Kama una laini mbili tu, mteja mmoja wa jioni ameshakufungia duka.

Kuhusu nambari, kampuni inayokupa laini mara nyingi haikubali utoe simu kwa nambari isiyo yako, ndio maana yaja na ya ofisi. Waulize kama wanaruhusu kwa simu zilizofowadiwa tu, wengine hukubali wakishaandikiwa barua. Wakikataa kuna njia ya pembeni, weka programu ya simu ya SIP, yaani simu inayopita kwenye intaneti, kwenye hiyo rununu yako iwe ekstensheni kabisa kama ile ya mezani. Hapo nambari ya mteja waiona kama ilivyo na hulipi simu ya pili, walipa bando. Lakini uwe na intaneti ya kueleweka, la sivyo utasikia maneno nusunusu, au wewe wamsikia yeye hakusikii. Hiyo ya kusikika upande mmoja ikitokea, nenda kwenye rauta utafute kitu kinaitwa SIP ALG ukizime kabla hujamlaumu mtu.

Sasa la ndugu yako. Ile sauti ya "hapatikani kwa sasa" yaweza kufika kwenye mashine yako kana kwamba ni mtu amepokea, na mashine ikishaona imepokelewa haina haja ya kumtafuta ndugu yako, kazi imekwisha. Dawa yake ni uthibitisho. Kwenye setingi za kukufuata ulipo kuna mahali pa kuwasha hiyo, ukipokea wasikia "una simu, bonyeza 1 kuipokea", usipobonyeza mashine yahesabu hujapokea yaendelea kwa wa pili. Voismeli haina kidole, haiwezi kubonyeza moja. Kidogo itakukera wiki ya kwanza.

Alafu nambari ya siri ya voismeli, tafadhali isiwe 1234 wala nambari ya ekstensheni yenyewe. Wezi wa simu huingia usiku, wakafowadi ekstensheni nje ya nchi kwenye nambari za bei mbaya, wakapiga mpaka asubuhi, na bili ni yako. Kama huna wateja wa ng'ambo, funga kabisa simu za kimataifa kwenye njia ya kufowadi.

Fundi, mi ni muuzaji kwenye kampuni ya safari Arusha, tunalipwa kamisheni. Wauzaji tuko wanne. Dada wa mapokezi kila mteja mpya anampelekea jamaa mmoja ambaye wanatoka kijiji kimoja, sisi tunapewa wanaoulizia choo cha hoteli. Nikilalamika naambiwa ni bahati. Kuna namna mashine inaweza kugawa?
Nimechoka, Arusha

Pole ndugu, lakini ugomvi wako ndo uliozaa simu za kujiunganisha zenyewe. Marekani, Kansas City, kulikuwa na bwana mmoja wa shughuli za mazishi anaitwa Almon Strowger, inasimuliwa kwamba aligundua wafiwa wakimpigia yeye, opereta wa mji alikuwa anawaunganisha kwa mshindani wake, ambaye alikuwa mume wa huyo huyo opereta. Strowger hakugombana na mama wa watu, akatengeneza mashine ya kumtoa opereta katikati, akapata hataza mwaka 1891 na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Kwa hiyo wewe si wa kwanza.

Kwenye mashine yenu omba foleni badala ya grupu la kuita. Foleni ina namna kadhaa za kugawa: ya zamu kwa zamu, inayokumbuka nani alipewa mwisho na kuanzia kwa anayefuata, ipo inayompa aliyekaa muda mrefu bila kupata simu, na ipo inayompa mwenye simu chache. Kwa wanaolipwa kamisheni mi napenda ya zamu kwa zamu inayokumbuka, maana ile ya simu chache ina ujanja, aliyeingia kazini saa sita mchana ana sifuri, basi simu zote zinammiminikia yeye mpaka awafikie. Weka menyu fupi mbele, "bonyeza 1 kama unataka kuulizia safari, bonyeza 2 kama tayari umelipia", ya 1 iende foleni ya wauzaji moja kwa moja bila kupita mapokezi. Menyu isizidi vitu vitatu, mtu anapiga yuko barabarani hawezi kusikiliza hotuba.

Na ujue mashine inagawa simu, haigawi wateja wazuri. Wa choo cha hoteli atakufikia tu, lakini na jamaa naye atampata wake. Kuna ripoti ya nani alipigiwa akaacha ikaita, hiyo muombeni bosi aibandike ukutani, mtashangaa wenyewe.

Fundi naomba jibu fupi. Duka la dawa la jumla, Mwanza. Saa za asubuhi tunapigiwa simu kama 40 kwa saa, kila moja kama dakika 3. Tunahitaji laini ngapi?
Mfamasia

Dakika 120 za maongezi ndani ya saa moja, kwa hiyo mtu wa haraka haraka atakwambia laini 2 zinatosha. Zingetosha kama wateja wangepanga mstari, lakini wao wanapiga pamoja alafu wananyamaza pamoja. Hesabu ya hii kitu aliiweka Mdenmark mmoja anaitwa Erlang aliyekuwa kampuni ya simu ya Copenhagen, miaka zaidi ya 100 iliyopita, na bado ndo tunayotumia. Kwa mzigo wenu, mkiwa na laini 2 simu 40 katika kila 100 zitakuta bize. Laini 4, kama 10 hivi. Laini 5, kama 4. Laini 6, moja na ushee. Chukueni 6, na kama mnafowadi kwa wasambazaji wenu nje ongezeni, kwa sababu ile niliyomwambia bwana wa magari. Hiyo ni fupi kwa kadiri ninavyoweza.

Fundi mi nashona nguo Tabora, sina ofisi wala hizo mashine zenu, nina simu moja tu. Nikiwa kwenye cherehani sisikii, wateja wanahamia kwa mwingine. Naweza kuifanya iite kwa mdogo wangu nisipopokea?
Mshonaji

Unaweza dada, na hauhitaji fundi. Piga **61*namba ya mdogo wako ukianza na +255, ufuatishe *11*20# alafu bonyeza kupiga. Hiyo 20 ni sekunde za kukusubiri wewe kwanza, unaweza kuweka kuanzia 5 mpaka 30 kwa kuruka tano tano. Hiyo ni ya usipopokea tu. Simu ikiwa imezimika chaji au hakuna mtandao ni **62* alafu namba yake na #, ukiwa unaongea na mwingine ni **67* hivyo hivyo, kwa hiyo piga zote tatu, mchezo ni ule ule wa karani wa Kurasini. Ukitaka kuangalia kama imekubali piga *#61#, ikikataa wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako wakufungulie.

Dakika za kwa mdogo wako zinakatwa kwenye salio lako, hata kama aliyepiga ni mteja, kwa hiyo usikae bila salio. Ukichoka ##002# inafuta kila kitu. Na mwambie mdogo wako namba ya nguo iliyokwisha na ambayo haijaisha, maana akipokea alafu akasema "sijui, subiri dada aje" ni bora ungeiacha iite.